Albamu ya Pili na Bidoni Sitini na Tatu

Jumatatu, tarehe 6 Machi 2023

Jumamosi tunarekodi albamu ya pili! Sisi ni Mawe Meusi, bendi pekee ya heavy metal hapa Mabanga, na kama kuna nyingine, imejificha vizuri. Hilaire anapiga gitaa na kunguruma. Védaste anapiga ngoma. Mimi, Guylain, napiga besi. Albamu ya kwanza haikunitendea haki. Yaya Kahambu, dada yangu mkubwa, aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi niko wapi humo ndani.

Habari mbaya. Védaste hajaja mazoezini wiki mbili. Vita vimemkimbiza mama yake kutoka Rutshuru, sasa wako kambini Kanyaruchinya chini ya turubai, na Védaste ndiye mchota maji. Hilaire amepata kompyuta yenye ngoma ndani. Anasema mashine haina mama. Kisha akabonyeza kitufe kingine, ikatoka besi. Akaniangalia. Nilicheka sana. Nilipofika nyumbani sikucheka tena. Védaste akitolewa leo, kesho ni zamu yangu. Lazima arudi.

Jumanne, tarehe 7

Nimepanda pikipiki hadi Kanyaruchinya. Wakaniambia Védaste yuko kwenye mstari wa maji. Nikaukuta mstari, hauna mtu! Bidoni tupu tu, yale madumu ya njano ya maji, zimefuatana hadi bombani, wenyewe wamekaa pembeni wakichambua maharage. Kumbe bidoni inamshikia mwenyewe nafasi. Maji yakija, kila mtu anaenda kwenye yake. Bidoni ikifika bombani na mwenyewe hayupo, inarudishwa mkiani. Nimeuliza maswali hadi Védaste akachoka. Nani wa kwanza? Aliyeamka kabla ya wengine. Na mtu akisogeza ya mwenzake? Alinitazama kama nimeuliza habari ya kuiba kanisani.

Kuja studio amekataa. Mama Athanasie, mama yake, aliumia mguu njiani na hawezi kubeba maji. Lakini huku anakataa, vidole vyake vilikuwa vinagonga bidoni. Sauti hizo! Moja nene, moja nyembamba, yenye ufa inakohoa. Nimerudi nyumbani nikagonga bidoni zote za yaya. Ameuliza nimelishwa nini huko.

Mpango umekamilika: Védaste haendi studio, studio inamfuata yeye. Simu yangu inarekodi vizuri.

Jumatano, tarehe 8

Siku ya wanawake. Wamama wote waliitwa mkutanoni, bidoni zikabaki peke yazo. Bahati ya namna gani! Védaste alimshika mkono mama yake kumpeleka. Nikawasha simu. Nikagonga bidoni moja moja, sitini na tatu, nikazipanga upya: nene kushoto, nyembamba kulia, nusu duara, ngoma kamili ya metal. Ile yenye ufa nikaiweka mwisho, kwa heshima. Védaste aliporudi alishika kichwa kwa mikono miwili.

Hapo ndipo maji yakaja.

Wamama sitini na tatu, na kila mmoja alikuwa wa kwanza. Mama Kaswera, msimamizi wa bomba, akauliza ni nani amefanya hivi. Nikaeleza habari ya sauti, nene na nyembamba. Nilieleza vizuri sana.

"Kila bidoni ni mutu," akasema. "Weye ulipanga batu kwa kufwata sauti yao?"

Akachukua fimbo, akaanza kugonga bidoni moja baada ya nyingine. Na mwenyewe, hata akiwa nyuma ya watu wote, haoni kitu, alijibu: yangu! Kisha akataja aliyekuwa mbele yake. Wote wanazijua kwa mlio! Nilidhani ni mimi peke yangu ninayesikia. Mstari ulinyooka tena, lakini saa nzima ilikuwa imekwisha. Maji yakajaza bidoni tatu, yakakatika.

Mama Athanasie alikuwa wa nne. Tangu alfajiri. Hakunigombeza.

"Ulishakula, mutoto yangu?" ndivyo alivyoniuliza.

Nimeona haya kuliko kama angenichapa.

Alhamisi, tarehe 9

Nimempelekea Mama Athanasie bidoni mbili za maji ya yaya. Yaya hajui. Mama Kaswera ametoa hukumu: hadi Jumapili mimi ndiye mlinzi wa bidoni yenye ufa. Ndiyo, ile ni ya Mama Athanasie. Védaste alikaa hatua mbili kutoka kwangu, hanisemeshi.

Kwa upweke nikafungua simu. Jana sikuizima! Kila kitu kimo: fimbo, yangu, fimbo, yangu, nene, nyembamba, mara sitini na tatu. Nikaongeza sauti. Védaste akasogea hatua moja. Kisha ya pili. Akaomba nirudishe mwanzo, na vidole vyake vikaanza kwenye goti.

Baadaye: yaya amejua.

Ijumaa, tarehe 10

Hilaire ameisikiliza mara tatu bila kunguruma. Akauliza nani anapiga. Nikasema mimi. Sijui kwa nini, mdomo ulitangulia. Akasema vizuri sana, ngoma za mashine tunazifuta, kesho utapiga hivyo hivyo studio.

Jasho! Mbio hadi Kanyaruchinya. Nikaungama mbele ya Védaste na bidoni zote. Akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Mama Kaswera amemruhusu aende studio kupiga yeye, akamwazima na bidoni tatu mbovu. Sharti moja: mtu abaki mstarini mahali pake kutwa nzima. Wote wakanigeukia.

Jumamosi, tarehe 11

Albamu ya pili ya Mawe Meusi imerekodiwa leo mtaa wa Mapendo, katika studio ya Papa Cirimwami. Mimi nilikuwa Kanyaruchinya, wa nne.

Maji yalikuja saa saba. Nikajaza, nikabeba hadi kwenye turubai, sikumwaga hata tone. Nilimwaga kidogo. Mama Athanasie alinipa kiazi cha moto, akasema nimekuwa mtu wa mstari. Nilifurahi kupita kiasi, sijui ni kwa kiazi au kwa maneno.

Védaste alirudi jioni anang'aa. Amepiga kama hajawahi kupiga. Nikauliza: na besi? Akatazama chini. Mashine.

Jumapili, tarehe 12

Védaste ameniletea albamu nzima. Nikamwekea yaya Kahambu, simwambii kitu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema safari hii, kwa kweli, amenisikia vizuri.

Nimekaa nimefikiri. Watu wengine hawajifunzi kutokana na makosa yao. Mimi nimejifunza. Jumanne kule Kanyaruchinya kuna ugawaji wa uji wa watoto, na mstari utakuwa wa sufuria, karibu mia mbili. Zenye vifuniko! Nimemuuliza Védaste, kama mtu asiyejali, siku hiyo wamama wana mkutano saa ngapi. Safari hii kila sufuria nitaiandika namba kabla ya kuisogeza, ili kila mtu arudi mahali pake bila matata.

Nimenunua chaki. Nje mvua imeanza tena.