Gofu Langu la Matofali Mapya

Jumatatu, tarehe 1 Julai

Nimepoteza wageni saba. Jana Jumapili, saa nne asubuhi, hapa Kasongo, mchana kweupe, mbele ya soko.

Walikuwa wangu! Niliwapokea mimi waliposhuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Walimu wa historia kutoka Kindu. Nikawaambia huu ulikuwa mji mkuu wa Waarabu na Waswahili kabla ya Mbelgiji, wanifuate. Wakanifuata. Nikawaonyesha soko. Nikawaonyesha mnara wa simu. Nikawaonyesha duka langu la kuchaji simu, nililoanza na betri moja na sasa ziko sita. Mkubwa wao, Mwalimu Roger, akauliza historia yenyewe iko wapi. Nikamwambia iko chini ya miguu yake. Wote saba wakatazama chini.

Hapo ndipo jirani yangu Atumani alipopita na kofia yake ya kutarizi. Akasema kwao kuna kipande cha ukuta wa babu wa babu yake. Kipande! Kirefu kama kitanda. Shangazi yake Aziza anafungia mbuzi hapo. Wakamfuata. Wakaugusa ule ukuta kwa viganja kama watu wanaompima mtoto homa. Wakapiga picha. Wakala wali wa Aziza, tena wakaomba ukoko.

Mwalimu Roger anarudi Jumapili tarehe 14 na watu thelathini. Amesema watakwenda penye kitu cha kuonekana.

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Atumani alirithi gofu lake. Mimi sikurithi hata kijiko. Kila nilicho nacho nimekitengeneza mwenyewe. Basi na gofu litatengenezwa.

Matofali ninayo. Elfu mbili mia nne, nimeyachoma misimu miwili. Ni ya nyumba, kweli. Tunakaa kwa shemeji Hervé, kaka ya mke wangu Yvette, naye anarudi kutoka machimbo ya Salamabila mwisho wa mwezi na watoto wake watano. Lakini nyumba inadai matofali elfu tano. Nimerudia hesabu. Ninayo nusu ya nyumba, na nusu ya nyumba haimfai mtu. Ila nusu ya nyumba ni gofu zima!

Jumatano, tarehe 3

Kujenga vibaya ni kazi ngumu. Fundi Ngoy hawezi kabisa. Nimemwambia ukuta ulale kidogo upande wa mashariki. Akatoa timazi, akaunyoosha. Nikamwambia kona imeguke-meguke. Akaniuliza kama nina malaria. Alipokwenda kula nikausukuma mstari wa juu kwa bega. Akarudi, akawatukana watoto wa mtaa mzima, akaujenga upya. Anasema jina lake halitapinda kwa ajili yangu.

Yvette anamletea maji yeye mwenyewe, ndoo kichwani, anaimba. Ameniuliza mlango wa chumba cha wasichana utatazama wapi. Nimesema tusiwe na haraka. Sikudanganya. Haraka kweli haifai.

Ijumaa, tarehe 5

Nimemwambia. Kuta nne zimefika kifuani, haziendi juu zaidi.

Yvette alisikiliza mpaka mwisho, ungo wa mchele mapajani. Halafu akasema: "Baba Emmanuella, wenzako wanatoka kwenye gofu, wanaingia nyumba." Basi. Akaendelea kupepeta. Nikamweleza: wageni thelathini mwezi huu, sitini mwezi ujao, kabla ya Noeli tunajenga nyumba mbili. Akauliza, siku Hervé akifika, Emmanuella na wadogo zake watatu tutawatandikia juu ya hesabu gani. Swali la uchungu. Sombe ya jioni, majani yale ya muhogo, haikuwa na chumvi.

Shida nyingine: gofu linang'aa. Nimelipaka masizi ya masufuria. Nimelimwagia maji ya mchele lishike ukungu. Kiangazi hiki! Linakauka kabla sijageuka. Atumani amepita, akasimama, akalizunguka. Akauliza: "Jirani, hii iko choo ya kanisa ao ya masomo ya watoto?" Kisha akasema mbuzi wa shangazi yake ana heshima zake, hawezi kufungwa hapa. Nimemwambia tutaonana tarehe 14.

Jumapili, tarehe 7

Misa. Katekista ameomba sala kwa ajili ya jamaa moja ambayo nguvu ziliiishia katikati ya ujenzi. Kanisa zima likageuka. Na mimi nikageuka, kuwatafuta hao maskini.

Nje, Mama Sidonie akanishika mikono yote miwili. Yeye ndiye mkubwa wa shirika letu, yaani sisi majirani Wakatoliki tunaosali pamoja. Akasema nisione haya. Kuta zangu zimewagusa wote, kila wakipita wanazitazama. Hatimaye! Mtu anayejua kutazama! Nikamwambia wazitazame bure mpaka tarehe 14. Akafuta machozi.

Yvette alikuwa kando, anatazama viatu vyake.

Jumatatu, tarehe 8

Gofu linahitaji kitu cha zamani cha kweli. Kimoja tu, vingine vitaaminiwa kwa ujirani. Nimesikia kule Wamaza kuna mjane anaitwa Waridi, ana mlango wa kuchonga wa enzi zile. Naondoka na pikipiki. Yvette hakuuliza narudi lini. Alikuwa kwenye simu na kaka yake, akashusha sauti nilipoingia.

Alhamisi, tarehe 11, Wamaza

Mlango upo! Mzito, una maua ya kuchonga na misumari ya vichwa vikubwa. Unafunga banda la kuku. Waridi anasema marehemu mume wake aliupata kwa wazee, zaidi ya hapo hajui. Na hauuzi. Nikawasifu kuku. Hauuzi. Nikamsifu marehemu. Hauuzi. Nikatoa redio yangu. Akaizungusha, ikashika, akasema kuku watazoea gunia.

Dereva wa pikipiki ananung'unika. Anasema amekwisha kubeba jeneza, amekwisha kubeba bibi harusi, lakini mlango! Mlango haushiki kiuno. Tumeufunga mgongoni mwangu kwa kamba. Kila upepo ukivuma tunahama upande wa barabara.

Jumamosi, tarehe 13

Nimelipita gofu langu bila kuliona. Nikamwambia dereva arudi. Tukarudi, tukalipita tena.

Mahali pake imesimama nyumba.

Nyumba! Na mabati! Watu wa shirika waliingia Jumanne asubuhi, vumbi langu halijatulia barabarani. Kila jamaa ilileta matofali, wengine mia, wengine kumi na mawili yaliyobaki ya choo. Fundi Ngoy amerudi bila malipo, amenyoosha kona zangu zote, ananionyesha moja moja kama mtu anayetambulisha watoto wake. Akina mama wa Sidonie wamesugua masizi yangu, wamepaka chokaa. Mabati ametuma Hervé kutoka Salamabila. Yvette alimpigia, naye nadhani alipiga hesabu pia: watoto wake watano, wangu wanne, vyumba vyake viwili.

Na ndani ya shimo la udongo, matope mpaka magotini, nani? Atumani! Mwislamu, katika kazi ya shirika! Nikamuuliza anatafuta nini hapa. Akasema choo alikitania, lakini nyumba ya jirani haitaniwi. Halafu akanirushia donge la tope.

Nami nimesimama pale, mlango mgongoni. Wakaniona. Makofi! Vigelegele! Mama Sidonie akapaza sauti: "Munaona! Mulisema ametoroka, kumbe Baba Emmanuella alienda kutafuta mulango!" Maana ndicho kitu pekee kilichokosekana. Ngoy akapima. Ulizidi vidole viwili. Akayakata maua ya chini kwa msumeno. Nilifumba macho.

Yvette amelia. Amenishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi. Akasema polepole: "Aksanti, baba." Mtu afanye nini? Nikasema si kitu. Emmanuella amechagua pembe ya kitanda chake, anaifagia, anaifagia tena. Nikatoka nje kupiga chafya. Chokaa ile.

Jumapili, tarehe 14

Thelathini na mmoja! Wamepita wote mbele yangu kwenda kwa Atumani. Hakuna aliyesimama. Nyumba mpya, nani ataitazama? Isipokuwa mwalimu mmoja, Mama Clémentine. Alirudi nyuma, akapapasa mlango, akauliza ndani kuna nini cha zamani. Nikamwambia ukweli: godoro. Akaondoka.

Jumatatu, tarehe 15

Nimeona kosa langu. Halikuwa gofu. Lilikuwa paa.

Mlango peke yake umesimamisha mtu mmoja, na mabati yanamwakia machoni. Bila mabati ungesimamisha ishirini. Hesabu haina huruma. Mwalimu Roger anarudi tarehe 11 Agosti na kundi jingine. Sihitaji nyumba yote, mimi si mwendawazimu. Nahitaji chumba cha mbele tu: mabati manane yashuke, kona moja ianguke. Mvua haiji kabla ya Septemba. Watoto watalala wakitazama nyota. Watoto wanapenda nyota.

Ngoy nimemwambia, ameziba masikio. Mama Sidonie ameanza kusali kwa sauti. Haidhuru. Nyundo ninayo, ngazi nimeazima.

Yvette, mke wangu, umejifungia ndani, na mlango huu ninajua uzito wake. Kwa hiyo ninauchana ukurasa huu na kuupitisha chini. Sitaki methali. Sitaki uniitie Hervé kwenye simu. Mabati manane na kona moja: ndiyo ao hapana? Nijibu kabla ya saa kumi na mbili jioni hii. Niko hapa nje, juu ya ngazi.