Kamati ya Haraka ya Skarvdal

Wakazi wote wa Skarvdal walitangaziwa, kwa barua, kwa tovuti na kwa bango lililobandikwa mlangoni pa maktaba, kwamba halmashauri yao imekuwa ya kwanza Norwei nzima kuiwekea haraka utaratibu. Mwenye kazi hiyo, Torgeir Skjelbreid, Mkurugenzi wa Mwendo na Nishati, alilisoma tangazo lile mara tatu, na mara zote tatu hakuona kosa.

Sababu zilikuwa nzito. Halmashauri ilikuwa imejenga kituo cha kuchaji magari ya umeme kando ya barabara kuu, chaja nne za nguvu, gari linajaa kahawa yako haijapoa. Tatizo likawa kwamba watu walizitumia. Ikifika Pasaka ndiyo usiseme. Watu wa Oslo wakielekea kwenye vibanda vyao vya milimani, skii juu ya paa, walipanga foleni hadi darajani, na wenyeji nyuma yao wakanuna kimya kimya, maana Skarvdal mtu hamsemeshi asiyemjua hata kama nguo zake zinaungua.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Haraka. Kamati iliamua, bila kupingwa, kwamba chaji ya haraka ni ya mtu mwenye haraka, na mwenye haraka atajaza fomu aeleze haraka yake imesababishwa na nini, ilianza lini, na yeye mwenyewe amechukua hatua gani kuizuia. Fomu itashughulikiwa ndani ya siku kumi na tano za kazi. Mwombaji atakayekuwa bado anasubiri siku ya kumi na tano atahesabiwa amethibitisha, kwa vitendo, kwamba hakuwa na haraka.

Miezi miwili ya kwanza yalipokelewa maombi mia tatu na kumi na mawili. Yote yalikataliwa kwa adabu. Foleni ikaisha kabisa, chaja zikabaki safi mpaka raha, na Torgeir akaalikwa Trondheim kutoa mada.

Kuchaji nyumbani nako hakukusahauliwa. Torgeir alikuwa na chaja ukutani kwake, aliyoruhusiwa kwa ajili ya utafiti, na utafiti ulikuwa unakwenda vizuri. Wanaoishi kwenye maghorofa waliruhusiwa kupeleka ombi kwenye mkutano mkuu wa jengo, ambao hukaa mara moja kwa mwaka, mwezi Mei. Wakati wanasubiri, soketi za gereji zao zilitiwa kufuli zisije zikawashawishi.

Basi, Jumatano ya kuelekea Pasaka, siku ambayo ofisi hufungwa saa sita, Torgeir alikuwa mezani akila mkate wake wa jibini la kahawia aliotoka nao nyumbani. Saa tano hivi mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia Åsne Lien, muuguzi wa halmashauri anayezunguka nyumba kwa nyumba kuwachoma wazee sindano zao, sare mwilini, uso umemwiva.

"Gari langu lina asilimia tatu," alisema. "Nina wagonjwa saba. Nifungulie chaja moja, robo saa tu, nakuomba."

"Soketi za polepole nyuma ya maktaba je?"

"Zimeshikwa na watu wa Oslo tangu jana. Wameacha magari, wenyewe wako kwenye theluji."

"Na nyumbani kwako?"

"Nyumbani kuna kufuli. Kufuli lako."

Torgeir alijifuta makombo, akafungua kompyuta. "Ombi lako lilishajibiwa, Åsne. Uliandika kwamba haraka yako ni wagonjwa. Sasa, wagonjwa wako kwenye ratiba. Kitu kilichomo kwenye ratiba hakiwezi kuwa haraka. Kamati ililijadili kwa kina."

"Kwa dakika ngapi?"

"Nne."

"Haya. Basi mpigie mama yako simu umweleze hivyo hivyo."

"Mama yangu anaingiaje hapa?"

"Ni wangu wa saba. Chakula cha mchana hali mpaka nimpime, nimchome insulini. Kumbe hujui nani anamchoma mama yako sindano? Ana miaka themanini na tisa, Torgeir!"

Torgeir alimpenda mama yake, tena alimwogopa. Akaupeleka mkono kwenye kitufe cha Idhini ya Dharura, ambacho kilikuwa hakijawahi kubonyezwa. Katibu wake Solvår, aliyekuwa dirishani akimwagilia maua, akakohoa.

"Bosi, hilo ni jambo la mama yako mzazi. Sheria inakukataza kuliamua."

"Bonyeza wewe basi."

"Mimi niko chini yako. Bosi akikatazwa, na walio chini yake wamekatazwa. Si ulitufundisha mwenyewe kwenye semina? Ile iliyokuwa na keki."

"Sasa nani anaruhusiwa?"

"Halmashauri ya jirani. Wao ndio wataamua kwa niaba yetu." Solvår akatazama saa. "Ila wamefunga saa nne na nusu. Mpaka Jumanne."

Hata katika shida ile Torgeir aliona kwamba hakuna kifungu kilichovunjwa. "Mfumo unafanya kazi," alisema.

"Unafanya mno," alisema Åsne. "Gari lako lina asilimia ngapi?"

Lilikuwa na mia moja, kwa sababu ya utafiti.

Dakika kumi baadaye Mkurugenzi wa Mwendo na Nishati alikuwa kwenye usukani, muuguzi pembeni yake, sanduku la dawa nyuma. Alipotoka tu getini akakata kushoto, njia ya kwa mama.

"Kulia," alisema Åsne. "Tunaanza kwa mzee Peder."

"Mama anasubiri sindano!"

"Na Peder anasubiri sindano. Wote sita wanasubiri, na wote wana watoto wao. Mama yako ni wa saba."

"Åsne, jamani, ni mama yangu."

"Ndiyo maana huwezi kuamua. Kulia."

Akakata kulia. Mzee Peder alitaka kwanza asimulie habari za meno yake. Wa pili alikuwa amejifungia mlango na funguo hazionekani. Wa tatu alimshukuru sana dereva, akamwomba atoe takataka, na dereva akatoa. Torgeir alimpigia mama yake simu mara nne, haikupokewa. Walipita mbele ya kituo cha kuchaji, chaja zote nne tupu, hakuna hata baiskeli. Åsne akazitazama, naye Torgeir akaongeza sauti ya redio. Alikuwa na haraka kweli kweli, na kila alipojaribu kukumbuka ilianza lini, aliona aibu.

Walifika saa tisa. Mama Gudrun, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa ameketi mbele ya sahani ya samaki na viazi vilivyopoa zamani. Torgeir akavua viatu, akasimama mlangoni na soksi zake. Åsne akampima mzee sukari, akamchoma, akampashia chakula moto.

"Umechelewa," Mama Gudrun alimwambia Åsne. "Saa mbili na nusu nzima nakungoja. Nilidhani nimesahauliwa. Niliogopa, mwanangu."

"Nisamehe, mama. Gari halikuwa na chaji. Chaja zipo nne pale barabarani, ila kuna mtu ofisini kazifunga. Anataka kwanza tumthibitishie kwamba tuna haraka."

Mama Gudrun akaweka uma chini. "Mjinga gani huyo?"

Mzee akageuka kumtazama mwanawe.

"Torgeir, si na wewe unafanya kazi pale pale? Unamjua?"

"Namjua, mama."

"Mlete hapa. Leo hii. Nataka kumwona kwa macho yangu."

Torgeir akaviangalia viatu vilivyokuwa mkononi mwake. "Ameshafika, mama."

Mama Gudrun alimtazama, kisha akachukua uma wake.

"Basi asubiri," alisema. "Nakula."