Picha ya Mkwe Isiyo na Kichwa

Jumatano ile Henry alifika barazani kwa Adinani na gazeti la juzi, akalikunjua kabla hata hajaketi.

"Sikieni maendeleo," alisema. "Songea imeingia mashine ya kusafisha picha za rangi kwa saa moja. Saa moja! Unapeleka mkanda, unakunywa chai, unarudi unajikuta umeshacheka."

Henry tunamwita Soko Huria. Ni wakala wa kampuni moja inayonunua kahawa, na tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia Mbinga, hakuna jambo jema ambalo hadai limeletwa na soko huria, hata mvua.

"Picha ya saa moja haijaiva hiyo," alisema Adinani, akimimina kahawa. Duka lake liko pale stendi. Babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa chumvi akasahau kurudi, ndiyo maana yeye tunamwita Bandari. "Kitu cha rangi lazima kikae. Hata pilau ukiiharakisha utakula mchele."

"Bandari, tunazungumzia mashine ya Kijapani, si sufuria ya mkeo."

"Mwache mke wangu. Wewe mwenyewe una haraka gani? Ule mzani wako wa kahawa unasinzia kila ukimwona mkulima."

Mzee Frederick alikohoa. Alikuwa katekista miaka thelathini, na mpaka leo hawezi kuingia kwenye mazungumzo bila kukohoa kwanza. "Picha yangu ya ndoa ilipigwa na Padre mwaka hamsini na saba," alisema. "Ikapelekwa Ujerumani kusafishwa. Iliporudi tulikuwa na watoto watatu, na hakuna aliyelalamika."

"Ulimtambua bibi harusi, Katekista?"

"Mimi nilimtambua. Yeye ndiye aliyeniuliza huyu kijana ni nani."

Tulicheka, kisha tukagundua kwamba Fleshi hakucheka. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Bernadi, mkulima wa kahawa wa Maguu, tulimpa jina la Fleshi tangu siku aliponunua kamera ya padre mmoja Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao. Hapigi picha kwa biashara. Hapigi za pasipoti wala za harusi. Anapiga ukungu. Anapiga kware. Aliwahi kulala chini nusu saa shambani kwa watu akimsubiri kinyonga ageuke. Kwa kawaida ukitaja neno kamera mbele yake, kahawa yako itapoa ukiwa bado unasikiliza. Siku hiyo alikuwa anatazama ndani ya kikombe kama mtu aliyedondosha kitu humo.

"Fleshi, mbona umenuna? Si sherehe yako hii?" Henry alimpiga begani.

"Hilo tangazo limetoka gazetini tu?" Fleshi aliuliza taratibu.

"Gazetini tu? Redioni wanalisoma tangu Jumatatu, kila baada ya taarifa ya habari. Mpaka samaki wa Lituhi wanajua."

Fleshi aliweka kikombe chini. "Basi nimekwisha."

"Umekwisha kivipi?"

"Mkwe wangu ana redio."

Ikabidi atueleze. Mwezi wa saba, binti yake Walburga alipopata Komunyo ya kwanza, mama mkwe wake, Bibi Ottilia, alipanda kutoka Lundo, kule ziwani, kuja kwenye sherehe. Alipomaliza kula aliomba jambo moja tu: apigwe picha, itumwe kwa mwanawe Damiano. Damiano alikwenda Johannesburg kutafuta kazi miaka kumi na miwili iliyopita. Anaandika kila Krismasi kwamba anakuja.

"Ukampiga?" aliuliza Adinani.

"Nilimpiga mara tatu."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba ni mkwe wangu!"

Adinani alitutazama akingoja tafsiri. Mzee Frederick akampa. "Kwetu, Bandari, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Akikutana naye njiani anaingia majanini. Akimtazama uso kwa uso, faini ni mbuzi mmoja na aibu ya mwaka mzima."

"Subhanallah. Kwetu mkwe unambusu mkono."

"Ndiyo maana mlipoteza Kilwa," alisema Henry.

"Kwa hiyo, Fleshi," Adinani alimgeukia, "ulimpigaje mtu usiyemtazama?"

Fleshi alisimama kutuonyesha. Aliishika kamera, inayoning'inia shingoni mwake hata akienda kuchimba choo, akaiweka kifuani, akaugeuzia uso upande wa stendi na kubonyeza hewa. "Hivi. Yeye yuko huku, mimi naangalia migomba."

"Na zikatokaje?"

Fleshi alitazama kushoto na kulia, akachomoa bahasha kwenye mfuko wa ndani wa koti. Huwa anatembea nayo kwa sababu nyumbani hakuna mahali ambapo mkewe hafiki. Akazipanga picha tatu juu ya benchi.

Ya kwanza ilikuwa ya bibi aliyekaa kwenye kiti, kitenge kipya, rozari mkononi, vidole vimetulia juu ya goti. Kila kitu kilikuwepo mpaka kwenye kola ya blauzi. Hapo picha ikaishia. Ya pili ilikuwa ya miguu miwili na kuku. Ya tatu ilikuwa ya anga.

Henry alicheka mpaka akapaliwa. "Fleshi! Umemchinja mama wa watu!"

"Picha isiyo na kichwa ni ya marehemu," alisema Mzee Frederick.

"Lakini kuku katoka vizuri," alisema Adinani. "Kuku huyu una uhusiano naye gani? Mbona yeye ulimtazama?"

"Chekeni tu. Nitawaambia nini wale?"

"Uliwaambia nini mpaka sasa? Huu ni mwezi wa kumi na moja."

"Nimewaambia ziko Dar es Salaam. Mwezi wa nane nikasema foleni. Mwezi wa tisa nikasema dawa ya kusafishia imeisha nchi nzima. Mwezi wa kumi nikasema mwenye studio amefiwa."

"Acha fiksi! Miezi minne?"

"Mkwe alimchangia hata rambirambi. Alileta samaki wakavu."

"Wako wapi?"

Fleshi alijipangusa mdomo. Mzee Frederick akamtazama tumbo.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema mzee, "na sasa mashine imeifupisha zaidi. Imekuwa ya saa moja."

Nilimuuliza kwa nini hakumpa mtu mwingine abonyeze. Aliniangalia kama niliyemwomba aniazime mkewe.

"Kamera yangu haishikwi na mtu."

"Si ungempeleka bibi kwa yule mpiga picha wa hapo nyuma ya soko?"

"Yule mwenye pazia lenye ndege? Mimi, mwenye lenzi hii, mkwe wangu akapigwe mbele ya ndege ya kuchora? Bora nife."

"Hutakufa," alisema Henry, na sauti yake ilibadilika ikawa ya kazini. "Utaleta kamera. Mama Walburga tumeshaelewana naye. Picha ya mama yake isipokuwa mkononi Jumapili hii, kamera inakuja kwangu, na mimi nampa mashine ya kumenyea kahawa. Iko stoo, nimeshaipaka mafuta."

Hapo ndipo tulipoelewa. Fleshi alikuwa ameishika kamera kwa mikono miwili.

"Alinipa hayo masharti kabla ya redio," alisema. "Nilijua Jumapili nitasema mvua imekata daraja."

"Lakini mkeo naye ana haki," alisema Mzee Frederick. "Nani alichimba ngolo zenu mwaka huu?"

"Hildegardi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ng'ambo, kwenye mlima wa pili. Ngolo za Maguu, mzee, ukizitazama kwa mbali asubuhi, vile vishimo vya kulimia vinavyojaa vivuli mteremko mzima, ni kitu cha ajabu. Nilimaliza mikanda miwili."

"Yaani mkeo anachimba, wewe unampiga picha akiwa ng'ambo?"

"Sikumpiga yeye. Alikuwa anaziba vivuli."

Tulitikisa vichwa. Hata Henry alimhurumia mama wa watu, na hiyo inatokea mara mbili kwa mwaka.

"Nina wazo," Fleshi alisema. "Nimpige upya Jumamosi, lakini safari hii nichungulie kwenye kamera. Kuchungulia kwenye kioo si kumtazama mtu. Ni kutazama kioo. Au sivyo, Katekista?"

"Ukimwona mtu kwenye kioo cha kinyozi, umemwona au hujamwona?"

"Nimeona kioo."

"Na wewe ukiungama kupitia wavu, Padre anazisikia dhambi zako au anausikia wavu?"

Fleshi alifikiri. "Anazisikia."

"Basi mbuzi mmoja."

"Soko huria halina mkwe," alisema Henry. "Tazama, piga, tuma. Huko duniani watu wanawapiga wakwe zao mpaka wakiogelea."

"Ndiyo maana huko duniani hakuna mvua," alisema Mzee Frederick.

Wakati huo lori la kutoka ziwani lilikuwa limeingia stendi likiteremsha abiria. Adinani, ambaye huwaona wateja kabla hawajajua wanataka kununua nini, aliinua shingo.

"Fleshi, yule si Mama Walburga? Na yule bibi mwenye kapu?"

Sijawahi kumwona mtu mzima akipita dirishani haraka vile. Kufumba na kufumbua Fleshi alikuwa ndani ya duka, nyuma ya magunia ya chumvi, na kamera yake. Picha zilibaki juu ya benchi. Henry alinyoosha mkono kuzifunika na gazeti, lakini Hildegardi alikuwa ameshafika, na mkono wake ulikuwa na kazi ya ngolo ndani yake.

"Shikamoo, Bibi," tulisema kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

"Marahaba, wanangu." Bibi Ottilia aliketi mwishoni mwa benchi, kapu miguuni. "Nimekuja kuuliza njia. Nimesikia redioni Songea wanatoa picha kwa saa moja. Nikasema yangu itakuwa imekwama tu Dar, maskini, na yule bwana ana msiba. Niende nikapigwe Songea."

Hildegardi alikuwa amekwisha kuziinua zile picha. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, akaitazama ya anga muda mrefu kuliko zote. Kisha akatazama magunia ya chumvi.

"Mama," alisema, "hazijakwama. Hizi hapa."

Henry alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nadhani aliiona kamera shingoni mwake tayari.

Bibi Ottilia alipokea ile ya kwanza, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Alipitisha kidole kwenye kitenge, kwenye rozari, akafika kwenye kola, kidole kikaishia hewani. Mzee Frederick alikohoa.

"Kichwa changu kiko wapi?" aliuliza bibi.

"Bibi," alisema mzee, "aliyepiga alikuwa anaangalia migomba."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

Bibi alitikisa kichwa, kile ambacho picha haikuwa nacho. "Kule Lundo kuna kijana kampiga mkwewe amekenua meno yote. Picha imetundikwa ukutani, watu wanaingia wanaitazama, mama wa watu hajui aweke wapi uso. Huyu wetu kamera anayo na adabu anayo." Akaiweka picha juu ya goti. "Mtumieni Damiano hiihii."

"Mama, haina kichwa!" alisema Hildegardi.

"Miaka kumi na miwili. Akitaka kichwa, aje akione."

Ndipo akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la upande mmoja, la mtu aliyemkamata mwanawe sikio akiwa Johannesburg. Jua la saa kumi lilikuwa linamwangukia shavuni. Lori likapiga honi ndefu kuita abiria wa kurudi ziwani.

"Mama Walburga," Henry alijitahidi, "masharti yalikuwa picha ya mama. Hii ni ya nguo."

"Mama mwenyewe kaipokea, Henry. Mashine yako itabaki stoo." Kisha akapaza sauti kidogo kuelekea dukani. "Na aliye kwenye chumvi ajue kesho asubuhi tunachimba wawili. Jembe lake nimeshalitia mpini."

Alimshika mama yake mkono akamsindikiza mpaka kwenye lori. Bibi aliibeba picha mwenyewe, kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba yai.

Fleshi alitoka na chumvi mpaka kwenye kope. Tulidhani atamshukuru Mungu. Badala yake alikaa na kushusha pumzi ndefu.

"Jamani, mmeuona ule mwanga?" alisema. "Ulimpiga hapa chini ya jicho, ile mikunjo yote ikafunguka. Na lile tabasamu! Halikufika upande wa pili, liliishia..."

Akajiziba mdomo. Sisi tulikuwa tumeshamgeukia.

"Fleshi," alisema Mzee Frederick. "Umeliona wapi tabasamu?"

"Kuna upenyo. Kati ya magunia."

"Umemtazama usoni?"

"Nilitazama kwenye kamera."

"Kamera!" Henry alisimama. "Ulibonyeza?"

Fleshi aliinamisha kichwa. "Lori lilipopiga honi. Ilikuwa imebaki moja. Wallahi, Bandari, katika maisha yangu sijawahi kupiga picha kama ile."

"Una uso wa mkwe wako ndani ya hicho kisanduku?" aliuliza Adinani.

"Wote. Kuanzia kilemba mpaka kidevu."

Mzee Frederick alifanya ishara ya msalaba, akachukua fimbo yake. "Mimi nina mbuzi wa kutazama nyumbani," alisema. "Sikusikia kitu. Masikio yangu ni ya mwaka hamsini na saba."

"Mimi leo sikuja hapa," alisema Henry, na akalichukua hata gazeti, lisije likatoa ushahidi.

Nami nilikumbuka kwamba nilikuwa nimetumwa sabuni tangu saa nane. Nilipokuwa nafunga sabuni yangu dirishani, barazani alikuwa amebaki Fleshi peke yake, na Adinani, ambaye hana pa kukimbilia kwa sababu duka ni lake.

"Ikisafishwa," alimwambia Fleshi kwa sauti ya chini, "mimi si wa huku. Niletee."

"Utaitazama, Bandari?"

"Nitaitazama vizuri sana. Halafu nitakuambia sijaiona."