Ombi la Kurudia Matanga ya Baba kwa Mfumo wa Zamani

Kambi ya Mkonge, Korogwe
Tarehe 9 Februari 2025, mwaka wa tatu tangu niondoke nyumbani

Kwa Mwenyekiti wa Ukoo,
Baba Mdogo Rutaihwa,
Kamachumu, Muleba.

Shikamoo Baba Mdogo. Mimi mwanao Karugendo ni mzima, isipokuwa mgongo na mikono, ambavyo sasa ni mali ya mkonge. Kwa heshima zote nalalamika kwamba siku mlipomaliza matanga ya baba, mimi nikiwa nimenyimwa ruhusa huku, mlitumia mfumo mpya mno.

1. Mwijage, mpiga video wenu wa Bukoba mjini, alinitumia faili la AV1, mfumo mpya wa video. Alisema ni huria, halina mwenyewe, kila mtu duniani anaruhusiwa kulifungua. Simu yangu haikupata taarifa hiyo. Ilitoa sauti tu, nayo ikakatika kabla ya mwisho. Picha ni giza.

2. Kompyuta ya stoo hapa kambini ni ya kale, nikamwomba aligeuze faili liwe la zamani. Akalifanya Theora, nalo huria vilevile. Picha ikaja, sauti ikapotea. Nilipompigia akasema, "Kaka, la zamani halibebi kila kitu." Mbona baba alikuwa wa zamani na alibeba familia nzima?

3. Nikawasha vyote pamoja, simu iseme na kompyuta ionyeshe. Havikwenda sawa. Mchungaji alifumbua mdomo kuomba, ikatoka sauti ya Shangazi Kokwijuka akiwafokea wapishi wa ndizi: "Nyie, ebitoke vinaungua mkiangalia!" Watu wote wakainamisha vichwa.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mwishoni, simu ikiwa imeshakatika, namwona mdogo wangu Datius amekalishwa kwenye kiti cha baba, amevalishwa koti lake, ameshikishwa mkuki. Mhaya yeyote anajua huyo ndiye musika, mrithi. Mimi mkubwa niko hai! Kibanja, shamba letu la nyumbani, migomba, kahawa, na kaburi la baba lililo humo, vyote vimeondoka bila sauti.

Kwa kuwa faili limeshindwa kubadilika, naomba tukio lenyewe libadilishwe. Matanga yarudiwe. Mwijage anasema faili la zamani huelemewa mambo yakiwa mengi, hivyo watu watembee polepole, vitenge viwe vya rangi moja, na wanaolia walie kwa zamu. Mvua isiruhusiwe. Datius avuliwe koti mbele ya kamera.

Hadi hapo siyatambui matanga hayo, baba namhesabu kuwa yu hai, na nyumbani sirudi.

Nisalimie Mama, mke wangu Annastella, Shangazi, na majirani wote, Walutheri kwa Wakatoliki. Datius asisalimiwe.

Mwanao mwenye malalamiko,
Karugendo

Baada ya kusaini: Msimamizi wa kambi amerudi kutoka likizo na simu mpya, na Yunus, mpishi wetu, amemwomba atuazime. Faili lile la kwanza limefunguka lote. Nimekusikia, Baba Mdogo: "Datius, kaa hapo umshikie kaka yako nafasi. Ukilizoea hilo koti nitakuvua mwenyewe. Musika ni Karugendo, na aje." Watu wanacheka, Datius anajifuta machozi.

Basi msirudie kitu. Baba amekufa, nimeona. Kazi nimeiaga leo, mkataba wangu unaisha Aprili. Nitakuwa Kamachumu wiki ya Pasaka.