Rundo la Theluji Langoni Pangu

Jumatatu, 5 Februari
Baridi kali, hata pua imegoma. Bi Lempi kahamia kwa bintiye, mjini Kemi, na zamu yake ya sauna, chumba cha kuogea mvuke tunachoshiriki, Jumamosi saa kumi na mbili jioni, iko wazi! Safu nzima ya nyumba zetu inaimezea mate. Tumebaki wawili: mimi na Hyttinen wa nyumba ya mwisho. Tumewekeana shindano: wiki nzima kiwandani kwa baiskeli, atakayepiga kadi ya kuingia kazini baada ya saa moja asubuhi kashindwa. Mke wangu Aune kanikumbusha kwamba nina miaka hamsini na tisa. Kwani nimesahau?

Jumanne, 6 Februari
Theluji usiku kucha. Nimetoka mapema nimwache Hyttinen. Kosa! Nimeisukuma baiskeli, theluji magotini. Yeye kanywa kahawa yake, kasubiri trekta la kusafisha njia lipite, kalifuata nyuma polepole. Kafika kabla yangu. Mimi nimepiga kadi saa moja kasoro dakika moja, masharubu barafu tupu. Kaniuliza eti, jirani, umekuja kwa kuogelea? Mshenzi.

Jumatano, 7 Februari
Akili ni mali. Nimempelekea Marketta, dereva wa trekta, mikate ya iliki aliyooka Aune. Nimemwomba kesho aanze na njia yetu, nusu saa kabla ya kawaida, nilifuate trekta huku Hyttinen akiwa bado na kikombe mkononi. Kasema basi itabidi ageuzie trekta langoni pangu. Kaniuliza kama nina hakika. Nimemwambia mimi si mtoto.

Alhamisi, 8 Februari
Marketta kaja mapema. Kageuza. Theluji ya njia nzima kaiacha langoni pangu, ngumu kama saruji! Nimechimba, koleo likakatika mpini. Nimejaribu kuruka na baiskeli, nikazama hadi kwapani. Saa moja kasoro ishirini. Nikamsikia Hyttinen anakuja. Nikajua leo nitachekwa hadi kiwandani.

Hakucheka. Kashuka, karudi kuchukua koleo lake, kachimba njia. Kisha akaniambia tangulia, mzee, mimi nirudishe koleo. Nimepiga kadi saa moja kamili. Yeye kachelewa dakika nne.

Zamu ni yangu.

Jumamosi, 10 Februari
Roho ilinisuta, nikamwalika tuoge pamoja. Kule ndani akasema tangu mkewe Saima afariki, saa kumi na mbili ya Jumamosi ndiyo saa ngumu kwake. Nyumba inakuwa kimya mno. Machozi yalinitoka. Nimesema ni jasho. Tumekubaliana: zamu ni yetu wote wawili, kila Jumamosi. Mimi nimekuwa mtu mpya!

Ila kakaa kona ya juu ya benchi, penye joto zuri, karibu na ndoo ya maji. Kona ile ni ya mwenye zamu.

Jumapili, 11 Februari
Redio inasema Jumamosi ijayo theluji tele. Nimefikiri. Marketta akigeuzia trekta langoni kwa Hyttinen saa kumi na mbili kasoro robo jioni, Hyttinen atachelewa robo saa tu, nami nitakuwa nimeshakalia kona. Hakuna atakayeumia! Nimemwomba Aune aoke mikate. Kaniuliza mikate ya nini tena.

Jioni nimekwenda kuliazima koleo la Hyttinen, asije akajichimbua mapema. Kanipa palepale. Kaniuliza kama mgongo haujambo, na kama nitahitaji msaada.