Taa ya Sufuria na Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeshinda. Kikao cha familia kimeamua kwamba Jumamosi nitambeba bibi harusi. Annick, mdogo wa mke wangu, atashukia kanisani kutoka kwenye gari letu la familia, lile la milango ya kuteleza. Si kutoka kwenye gari la kaka yao, Guerschom. Gari la Guerschom ni jipya kuliko langu, lakini ni la watu watano, na gauni la Annick peke yake ni watu watatu.

Mama mkwe ametoa sharti moja. Ijumaa Guerschom alikague gari langu. Akikuta kasoro, atambeba yeye.

Asubuhi hii nimewasha gari. Taa ya manjano mbele ya usukani! Umbo la sufuria, na ndani alama ya mshangao. Jana haikuwapo. Binti yangu Benedicte akainama, akatazama, akasema, Papa, hiyo ni ya tairi, upepo umepungua. Nikamwambia afunge mkanda, tunachelewa shule. Nikamwambia pia asimwambie mtu.

Nimezipiga tairi teke, zote nne. Ngumu.

Pampu ya karibu iko kwenye kituo cha mafuta cha Kansanga, mkabala na duka la Guerschom. Hanioni huko wiki hii.

Jumanne, 5 Agosti

Uvumbuzi. Nilipeleka vitambaa vyangu sokoni Nakivubo, gari likakaa juani. Niliporudi na kuliwasha, taa ilikuwa imezimika yenyewe. Asubuhi baridi, inawaka. Mchana joto, inazimika. Kwa hiyo ugonjwa ni baridi.

Benedicte anasema joto linavimbisha upepo kidogo tu, lakini uliopotea umepotea. Shule za siku hizi.

Kabla ya kulala nitazifunika tairi.

Jumatano, 6 Agosti

Taa ilichelewa kuwaka. Tulifika mpaka barabara ya Ggaba ndipo ikatokea. Maendeleo.

Tatizo ni nguo nilizozifunikia tairi. Nilizichukua kwenye mfuko nyuma ya mlango bila kuangalia. Kumbe ni sare za harusi, vitenge vya wanawake wote wa ukoo, vimetoka kwa fundi juzi. Mke wangu Hortense hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama blauzi ya mama yake imeikaa vizuri tairi ya nyuma mabegani.

Nikamweleza kwamba nilikuwa nakinga tairi na mbwa. Akasema hapa kwetu hakuna mbwa.

Amefua mchana kutwa. Nimekula ndizi za jana, peke yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mulago, ambako hakuna anayenijua. Fundi wa tairi ni Mnubi, Abdul-Karim, mtu wa maneno mengi. Nikamwambia ajaze upepo wa kutosha mpaka Krismasi. Akaniita ssebo, yaani bwana, akauliza, hii ni gari au puto? Akajaza anavyojua yeye. Akasema ya nyuma kushoto inavuja, labda msumari, aitoe aitie kwenye maji. Nikakataa. Tairi iliyotolewa inaonekana na kila mpita njia, na Guerschom ana marafiki kila mahali.

Taa bado inawaka! Nikamwambia kazi yake haijafaa kitu. Akacheka, akaingiza mkono chini ya usukani, akashikilia kitufe kidogo. Sufuria ikapepesa, ikazimika.

Kitufe! Wiki nzima kilikuwa karibu na goti langu.

Akaeleza kwamba kitufe hicho kinaliambia gari kuwa upepo uliomo sasa ndio sahihi, kwa hiyo nisikibonyeze kabla ya kujaza. Nikikibonyeza tairi ikiwa nusu, gari litaamini nusu ndiyo kamili na litanyamaza. Mafundi wanapenda masharti.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi taa imerudi. Nimebonyeza. Imekwenda.

Guerschom alikuja na mama mkwe. Alifungua na kufunga milango kama anayeinunua. Alinusa mazulia. Alipiga honi mara mbili. Akatafuta taa mbele ya usukani, hakuona hata moja. Akalazimika kusema, mbele ya mama yake, kwamba gari halina neno. Nikamuuliza kama angependa kurudia honi.

Jumamosi, 9 Agosti

Taa asubuhi haikuwaka kabisa. Gari limepona. Nikabonyeza hata hivyo, kwa heshima ya siku. Tairi ya spea niliishusha nyumbani ili gauni lipate nafasi.

Msafara ulitoka vizuri, maua mbele, honi nyuma. Kabla ya Kabalagala gari likaanza kuvuta kushoto, kisha kuchechemea. Tairi ya nyuma kushoto ilikuwa imelala kama chapati. Annick alisema kwa upole, shemeji, harusi yangu ni leo.

Guerschom akasimamisha gari lake nyuma yetu. Alifungua mlango, akafuta kiti kwa leso, kiti ambacho kilikuwa safi. Gauni likaingia lote. Sijui vipi.

Kwa watu nimesema ni msumari wa barabarani. Ukweli ninaujua mimi: nilibonyeza mara moja tu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya chakula Guerschom alipita, mama mkwe kiti cha nyuma, anamrudisha kwake Mbarara. Akanivuta pembeni. Akauliza polepole, kama mtu anayeulizia dawa, kama najua ile sufuria ya manjano ni nini. Imemwakia tangu asubuhi, na Ijumaa aliona kwangu hakuna taa hata moja.

Ningeweza kumwacha ahangaike. Mimi si mtu wa hivyo. Niliinama, nikakipata kitufe, nikakishikilia. Ikapepesa, ikazimika. Nikabonyeza tena mara kadhaa, kwa sababu safari ni ndefu.

Guerschom amenishukuru! Mama mkwe akasema kutoka nyuma kwamba kumbe kuna kitu ninachokijua.

Benedicte alifungua mdomo. Nikamwambia wakubwa wanazungumza. Nikawapungia mkono mpaka wakapinda kona.