Bega Lisiloaminika

Jumatatu, 3 Machi

Bega la kulia limegoma tena. Mkono haupandi kupita sikio la mteja. Kwa kinyozi huo ni msiba. Leo nimemnyoa mtu upande mmoja vizuri, wa pili nikamwomba ainamishe kichwa, akainama mpaka akakaribia kunilalia mapajani. Akauliza kama vinyozi wengine nao hunyoa hivi. Hakucheka. Hatarudi.

Nyumbani kimya. Mke wangu yuko kwa kaka yake tangu mwezi uliopita. Siku ya mahafali ya mdogo wake nilishika kifua, nikasema moyo unanisimama. Nani anataka kukaa juani kusikiliza hotuba? Akaacha mahafali, akakimbilia duka la dawa, akarudi akanikuta jikoni nakaanga mayai. Kosa lilikuwa mayai. Yananukia mpaka barabarani.

Sasa naumwa kweli na hakuna anayeniamini. Shemeji alipita jioni kuchukua mto wa dada yake. Nikamwonyesha bega. Akauliza kama leo ni bega, moyo nimeupeleka wapi. Kisha akaanza kujisifu: goti lake linatibiwa kwa sindano za Kichina, na dada yake humsindikiza kila akienda, anakaa naye mpaka mwisho. Anamshikia hata viatu. Mke wangu! Viatu vya yule!

Nimeamua. Nitakwenda huko huko, siku ile ile anayokwenda yeye, na nitaumwa kuliko yeye.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga simu kliniki. Binti wa mapokezi akanipa masharti ya mgonjwa mpya, taratibu, kama anayeongea na mtoto. Nisije na njaa, nile kitu chepesi. Nivae nguo pana. Nije na dawa zangu zote za hospitali, na nisiache kuzimeza. Nisinywe kahawa kabla, wala nisisugue ulimi, kwa sababu mtaalamu atausoma.

Atausoma ulimi! Miaka yote hii nimetembea na ulimi mdomoni, wala sikujua kwamba una maandishi.

Nikamdadisi: ulimi wa mgonjwa mahututi unakuwaje? Akasema hilo ni la mtaalamu, ila wengine huwa na utando wa njano. Nikamshukuru sana. Manjano ninayo jikoni, nusu kopo. Alipoondoka mke wangu hakuchukua viungo.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nimejionea huruma mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nguo pana niliyonayo ni pajama. Nimekwenda na pajama.

Mke wangu alikuwepo, amekaa karibu na shemeji, viatu mapajani. Amekonda kidogo. Aliniuliza kama nimekula. Basi. Hilo tu, na mimi nikatikisa kichwa, mdomo nimeufumba kulinda manjano ya ulimini. Akadhani nimemnunia.

Mzee mmoja akatoka chumbani akivaa shati. Mgongoni ana maduara mekundu makubwa, kama mtu aliyekaliwa na sufuria. Ni vikombe, binti wa mapokezi akaeleza; hewa ya ndani hupashwa moto, vikabandikwa, vikanyonya ngozi. Haviumi sana, alama hufutika baada ya siku chache. Mke wangu akasema pole, baba, kwa sauti ile. Ile sauti! Mimi sijaisikia tangu mayai.

Kabla ya zamu yangu nilipanda na kushuka ngazi mbio ili mapigo yatishe. Mtaalamu, mama wa makamo mwenye mikono ya moto, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu, akavitoa, akasema nikae kwanza nipumue. Nikakaa mpaka jasho likakauka.

Akaomba ulimi. Nikautoa kwa majonzi. Akautazama. Akatazama meno. Akatazama vidole vyangu, vya njano mpaka kwenye kucha, na kola ya pajama. Akanipa bilauri ya maji na bakuli la kutemea. Afadhali angenitukana.

Halafu maswali. Nalala saa ngapi, naamka mara ngapi, nasikia baridi au joto, tumbo linasemaje. Nikajibu kwa madoido. Akauliza kama kuna huzuni yoyote. Nikasema hakuna. Akasubiri. Nikajisikia nasema kwamba nyumba imekuwa kubwa, na kwamba bado nalala upande wangu wa kitanda. Hilo sikuwa nimelipanga.

Akanieleza kazi yao. Wao husema mwilini kuna nguvu inayopita kwenye njia zake, ikikwama ndipo panauma. Sindano hufungua njia. Ni nyembamba kama unywele, hutumika mara moja zikatupwa. Nikihisi uzito au ganzi ni kawaida, nikihisi kizunguzungu nimwambie. Nikauliza shemeji huchomwa ngapi. Akasema hapa hakuna mashindano. Nikamwomba anizidishie hata mbili. Akanichoma sita.

Hazikuuma! Janga tupu. Nilikuwa nimeandaa ukelele. Badala yake nikapitiwa na usingizi mzito, mdomo wazi, mate kwenye mto.

Jumatatu, 10 Machi

Mkono umepanda! Nimenyoa vichwa vizima, pande zote, nikipiga mluzi. Mpaka adhuhuri nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha nikajiuliza: nikipona, nitakwenda kliniki kufanya nini? Nani atanishikia viatu? Nikafunga duka, nikatafuta kitambaa, nikaufunga mkono shingoni.

Jioni mke wangu akapiga simu. Yeye mwenyewe! Akasema Ijumaa alichungulia akaniona nimelala na sindano mwilini, akajua safari hii siigizi. Akauliza kama kuna nafuu. Aliuliza kwa hamu, kama mtu anayesubiri kitu. Nikasema nafuu iko wapi, usiku nalia peke yangu. Akasema basi Jumatano, tukirudi kliniki, atakaa na mimi.

Nimeshinda. Goti limeshindwa na bega.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwa shida, si kwa ajili ya bega.

Tulilazwa chumba kimoja, shemeji kitanda cha dirishani na goti lake, mimi cha mlangoni. Mke wangu alikaa kwangu. Mtaalamu aliponiambia niinue mkono niliufikisha kitovuni, nikaguna. Akanitazama sana. Akanichoma sindano mbili tu. Mke wangu akanishika kidole gumba cha mguu, akakishika muda wote. Sikumbuki lini nimekuwa na raha hivyo.

Sindano zikatolewa. Mke wangu akasimama, akanyoosha mkono juu ya kabati kuchukua begi lake. Shemeji ndiye aliyeliweka huko, yule ni mrefu, na sasa yeye bado amelala na sindano. Mke wangu akajivuta kwa vidole vya miguu, hafiki. Tangu tuoane mimi ndiye humshushia vitu vya juu. Nikainuka, nikanyoosha mkono, nikalishusha.

Mkono wa kulia.

Begi lilikuwa zito. Zipu haikufunga vizuri, nikaona kanga, na ncha ya ule mto. Alikuwa anarudi nyumbani. Leo. Na mimi.

Alilipokea begi. Akasema bega limepona, amefurahi, tena alisema kwa upole, hakugombana. Akamngoja kaka yake mlangoni, arudi naye, begi mkononi. Shemeji hata hakunitania. Akavaa viatu vyake mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimenyoa watu wengi. Hakuna kilichouma. Siku mbaya sana.

Mtaalamu amenipigia kuuliza hali, akasema sina haja ya kurudi, ila kama nina neno la kumwambia mke wangu nimwambie lilivyo, bila nakshi. Ushauri mzuri. Nikamuuliza kuhusu vikombe. Akasema vya nini, mgongo wangu ni mzima, na nisije nikajaribu nyumbani, nitajiunguza. Akakata simu.

Mtu wa maduara mekundu aliambiwa pole. Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Tena alama hazidanganyi, zinaonekana, hata kwenye picha ya simu.

Bilauri tatu ziko mezani, kibiriti kipo. Wasiwasi wangu ulikuwa nitafikaje mgongoni peke yangu. Nimejaribu sasa hivi. Mkono unafika bila taabu yoyote.